Nilifuata Kitovu Kanazawa

Jamani, nimechoka. Safari haikunichosha, mmenichosha nyinyi. Nikitoka kanisani mmoja ananivuta mkono, nikienda mashineni kukoboa mpunga mwingine ananisimamisha na gunia langu kichwani: "Mama Tumaini, hebu tuambie, Japani kukoje?" Nikianza kusimulia anaingia wa pili, naanza upya, wa tatu ananidaka eti nimeruka pale pa kula dhahabu. Sasa nimeandika. Msomeane kwenye jumuiya, mwenye sauti nzuri asome, na mniache nipumzike. Mambo ya viza na tiketi sitayagusa kwa sababu hayana utamu wowote.

Kwanza mjue nilikwenda kufanya nini. Mwanangu Tumaini aliolewa na Kenta, yule kijana wa Kijapani mliyemwona hapa Ifakara akipima mifereji ya mpunga, suruali imekunjwa hadi magotini, anaongea Kiswahili kama mtoto wa Lupiro. Baada ya harusi wakahamia kwao Kenta, mji unaitwa Kanazawa. Tumaini akashika mimba, nami kama mama yeyote nikasema naenda kumkanda mwanangu maji ya moto na kumkorogea uji.

Lakini mama yangu mzazi, Bibi wa Mchombe, alikuwa na lake. Nilipokwenda kumuaga alikuwa anapepeta mchele, wala hakuinua kichwa.

"Niletee kitovu," akasema.

"Mama, nitakuletea picha za mtoto kwenye simu, tena nyingi."

"Picha haizikwi. Niletee kitovu."

Wengine mnajua, wengine hamjui, basi nieleze. Kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka kinazikwa nyuma ya nyumba ya Bibi, penye migomba. Changu kipo pale, cha Tumaini kipo pale. Mtu wa ukoo akipotelea mjini mwaka mzima bila salamu, sisi tunalia, Bibi anakoroga ugali wake na kusema, "Atarudi tu, kitovu chake ninacho." Kwa hiyo mtoto ambaye kitovu chake hakipo pale, kwa Bibi ni mgeni, hata akifanana naye pua. Akija ataletewa kiti na kuulizwa habari za safari. "Na ukirudi mikono mitupu," akaniambia, "usipite hapa kunisalimia." Bibi hatanii. Niliondoka na neno hilo kifuani.

Kiberege, penye mtindi

Basi liliondoka Ifakara asubuhi vizuri kabisa, nimevaa kitenge kipya, begi limejaa unga wa ulezi na mchele wa Mchombe, ule wa kunukia. Hesabu yangu ilikuwa nifike kabla mtoto hajazaliwa. Tulipofika Kiberege basi likapiga kelele kama sufuria iliyoanguka, likasimama. Konda akasema, "Dakika tano tu, wapendwa." Mnazijua dakika tano za makonda. Dereva aliingia chini ya basi jua likiwa upande mmoja, akatoka likiwa upande mwingine.

Nikaenda kukaa sokoni, nikaagiza wali na kambale. Pembeni yangu alikuwapo mzee wa Kisukuma, Mzee Masanja, na mkewe anayeuza mtindi kwenye ndoo. Nikiwa na mfupa wa samaki mdomoni, simu ikalia. Ni Kenta, anapiga kelele: "Mama! Mama! Amezaliwa! Wa kike! Tumaini mzima, mtoto mzima!"

Weee! Nilipiga kigelegele hadi kuku wakakimbia. Abiria wakaniuliza kuna nini, nikawaambia, wakapokea, soko zima likawa harusi. Mke wa Masanja akanijazia kikombe cha mtindi, akakataa hela. Nikanywa huku nalia na kucheka, masharubu meupe mdomoni.

Mzee Masanja alingoja nitulie, akauliza jambo lililokuwa linamkereketa. "Huyo mkwe wako, alitoa ng'ombe?"

"Hakutoa hata ndama. Alituletea mashine ya kupalilia mpunga."

"Mashine haizai," akasema. Akafikiri kidogo. "Basi dada, sikiliza. Kwetu kama ng'ombe hawajafika, mtoto ni wa kwa mama yake. Nenda kachukue haki yako bila wasiwasi."

Nikamwambia habari ya kitovu. Akapiga magoti yake kwa viganja. "Si unaona? Hicho ni chenu!" Niliinuka pale nimejaa nguvu, kana kwamba mahakama imeshatoa hukumu.

Angani, na mchele wangu

Kwa sababu ya lile basi, ndege iliniacha. Nikakaa Dar kwa kaka yangu nikisubiri nafasi nyingine, nikitoka jasho, nikimpigia Tumaini kila asubuhi swali lilelile: "Kimedondoka?" Anajibu, "Bado, mama, tulia." Nitulie vipi? Hatimaye nikapanda. Ndani ya ndege walinipa chakula kwenye visahani vidogovidogo kama vya watoto wanaocheza mama na baba. Nikala vyote, nikaomba tena, yule binti akaniletea tena.

Uwanja wa ndege wa Tokyo wakanifungulia begi. Kijana mmoja mwenye glavu nyeupe akautoa mchele wangu, akautazama, akainama, akasema neno. Nikajua hajauelewa. Nikaufungua nikamsogezea puani, "Nusa, mwanangu, nusa!" Akanusa. Haki ya Mungu alifumba macho. Kisha akauchukua, akanionyesha picha ukutani: mbegu na mimea ya nje hairuhusiwi hivihivi. Aliuchukua kwa mikono miwili, akaniinamia kama anayenipa pole ya msiba. Nililia kweli. Mtu unatoka bonde la mpunga, unaingia nchi ya mpunga, unanyang'anywa mchele! Unga wa ulezi wakaniachia.

Kenta alinipokea nje, tukapanda treni ya kwenda Kanazawa. Hiyo treni inakimbia hadi milima inakuwa kama inarudi nyuma. Nilipoingia nikasalimia behewa zima, "Habari za asubuhi jamani!" Kimya. Nikadhani hawajasikia, nikarudia. Kenta akaniambia kwa upole, "Mama, huku kwenye treni watu hawasalimiani." Nikamuuliza kama wamegombana. Baadaye bibi mmoja wa kiti cha mbele akageuka, akanipa chungwa dogo, akageuka tena haraka. Nikajua angalau mmoja amepokea salamu yangu.

Kile kisanduku

Nilipomshika Emi, hilo ndilo jina la mjukuu wangu, sikuona tena Japani wala nini. Nywele nyingi, mikono imekunjwa kama anataka ngumi, na pua ya Bibi wa Mchombe, ileile, kama imekatwa ikabandikwa. Tumaini alikuwa amenenepa vizuri. Nikafanya nilichofuata: nikachemsha maji, nikakoroga uji, nikaimba.

Jioni akaja mama yake Kenta. Ni mama mfupi, mjane, ananizidi umri, nywele fupi nyeupe. Kenta alimfundisha neno moja tu la Kiswahili na yeye analitumia kwa wote. Akaingia, akainama, akasema, "Shikamoo!" Jamani! Mkubwa ananiamkia mimi! Nikakataa kuitikia, nikamwambia yeye shikamoo, naye akaniambia tena shikamoo, tukaendelea hivyo mpaka Tumaini akatuvuta tukakaa. Naye akamwamkia hata Emi shikamoo. Hata paka wa jirani.

Tukanywa chai ya kijani, chungu bila sukari. Kisha Mama Kenta akatoa kwenye mkoba wake kisanduku kidogo cha mbao, kinaenea kiganjani. Akapiga magoti mbele yangu, akakisogeza kwa mikono miwili, akakifungua. Ndani, juu ya pamba, kitovu cha Emi. Kilikuwa kimedondoka jana yake.

Sasa nyinyi niambieni. Mtu akikupigia magoti, akakunyooshea kitu kwa mikono miwili, kwenu maana yake ni nini? Si amekupa? Nikasema moyoni, tazama mama huyu mwenye adabu, hata sijaomba! Nikakipokea kwa mikono miwili, nikasema asante sana, nikafunika, nikakifunga kwenye pindo la kanga yangu, mafundo mawili.

Mama Kenta akabaki na mikono yake hewani. Kenta akatazama chai yake. Mama yule akainama hadi chini, akatabasamu, akaaga, akaenda zake.

Mlango ulipofungwa tu, Tumaini akanigeukia. "Mama! Alikuwa anakuonyesha tu! Huku kitovu hakizikwi. Kinatunzwa kwenye kisanduku, ndani ya nyumba."

"Mbona hakusema?"

"Hawezi kukunyang'anya, mama. Wewe ni mgeni."

"Basi kimeshafika kwa mwenyewe. Bibi yako anakingoja."

"Mama, rudisha."

"Sirudishi!" nikasema. Nikamtajia na Mzee Masanja na hukumu yake. Tumaini alicheka kidogo, kisha akalia kidogo, mtoto mikononi. Hapo ndipo furaha yangu ilipopata kijiwe ndani ya kiatu.

Majani mekundu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nikaomba kazi. Badala ya jembe, Mama Kenta akaniletea mwavuli na koti zito, akaniashiria twende. Mji wote umeizunguka bustani moja kubwa iliyo juu kilimani, kando ya ngome ya watawala wa zamani yenye kuta nyeupe na daraja. Yeye anaishi jirani na geti. Huingia humo karibu kila siku, kama sisi tunavyopita sokoni hata kama hatununui.

Nitasema nini juu ya bustani hiyo? Kuna ziwa, kuna vijito, kuna taa ya mawe yenye miguu miwili, mmoja majini, mmoja nchi kavu. Mwezi huo miti ilikuwa na majani mekundu, mekundu ya kanga mpya, na ya njano, yanadondokea juu ya mawe yaliyoota kijani. Wanawake wamechutama wanaokota jani mojamoja kwa mkono. Kwetu jani lililoanguka limeanguka. Huko wanaliokota kwa heshima.

Mvua inanyesha pale kama Kilombero mwezi wa nne, ila ya baridi. Mama Kenta ananishika kiwiko pale penye utelezi, ananionyesha mti, anataja jina lake, mimi nalirudia vibaya, anacheka na kufunika mdomo. Ya kisanduku hakuyagusa. Kesho yake akaja tena na mwavuli na chungwa. Keshokutwa hivyohivyo. Mimi nangoja ugomvi. Kwetu ukimchukulia mtu chake atakuja mlangoni, mtapigiana kelele, majirani wataamua, mtakula pamoja, yameisha. Huyu ananimenyea chungwa! Nilikuwa nakosa raha hata ya kugeuka kitandani.

Ndipo yakanipata ya kamba. Siku moja nikaona miti mikubwa ya misonobari imesimikwa nguzo ndefu katikati, na juu ya nguzo zinashuka kamba nyingi kila upande hadi kwenye matawi. Nikatabasamu. Hatimaye jambo ninalolijua! Nani alilelewa Mchombe asijue kuamia ndege? Tangu mdogo nimekaa juu ya dungu shambani, kamba mkononi zimetapakaa juu ya mpunga, kweleakwelea wakitua unavuta na kupiga kelele, wanaruka. Na kweli, kunguru wawili walikuwa wametua kwenye tawi, mijitu mikubwa, inajitanua. Nikasema hawa wenzetu wamefunga kamba halafu hakuna wa kuzivuta. Nikashika kamba moja, nikavuta kwa nguvu zangu zote: "Haaa! Haaa! Tokaaa!"

Kunguru hawakujali. Ila juu ya mti akachungulia mwanamume aliyevaa nguo za bluu, ameshikilia ngazi kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka. Sikumwona! Alishuka mbio, akaniinamia. Nikamwinamia. Akainama zaidi, nami zaidi, nikadhani tutafika kwenye nyasi. Watu wakaanza kutupiga picha. Nikageuka kumtafuta Mama Kenta anisaidie, nikamkuta ameketi kwenye jiwe anacheka, machozi yanamtoka, amesahau hata kufunika mdomo.

Alipopona kicheko alimpigia Kenta simu, Kenta akanieleza. Zile kamba si za ndege. Theluji inakuja, ni nzito, inavunja matawi, kwa hiyo kila tawi linasaidiwa kubeba mzigo wake kutoka juu. Yule mwanamume wa ngazi, fundi wa kamba, naye akaelezwa mambo ya mpunga na dungu. Akapendezwa, akaniomba nimwonyeshe tena ule ukelele. Nikapiga mara mbili. Safari hii kunguru wakaruka, bustani nzima ikapiga makofi.

Theluji

Wali wao sasa. Wali unanata! Unaushika kwa vijiti unakuja bonge. Kwetu bibi harusi akipika vile anarudishwa akafundwe upya. Siku za kwanza nilimeza kwa adabu tu. Halafu siku moja nikala na samaki wa kuoka na figili, nikajikuta nimesogeza bakuli tena. Mpunga ni mpunga, ndugu zangu, hata ukijifanya mwingine.

Radi zilipiga siku kadhaa, wakaniambia radi hizo ndizo zinazoita theluji. Asubuhi moja nafungua dirisha, nikadhani kuna mtu amemwaga unga wa sembe mtaa mzima. Nikatoka na kandambili. Nilirudi ndani nimebeba kandambili mkononi, miguu siisikii, Tumaini amekaa chini kwa kicheko, na Emi anatuangalia sote kama mwenye nyumba.

Tulikwenda bustanini na Mama Kenta, Tumaini amembeba Emi mgongoni kwa kanga ndani ya koti lake kubwa. Kimya cha pale! Taa ya miguu miwili imevaa kofia nyeupe. Matawi ya misonobari yamelemewa, yameinama, na kila moja limeshikwa na kamba yake, hakuna lililovunjika. Yule fundi alikuwa anafagia njia. Aliponiona akaacha fagio, akavuta kamba ya hewani, akafanya mdomo "Haaa!" Nikamwitikia.

Kisha Mama Kenta akatukaribisha kwake. Kuna meza fupi iliyofunikwa blanketi, chini yake moto wa umeme, unaingiza miguu na hutamani kutoka. Ukutani kuna kabati dogo lenye picha ya marehemu mumewe, kikombe cha chai, na kisanduku. Kama kile changu, ila kimezeeka, mbao zimekuwa rangi ya asali. Akaona ninavyokitazama. Akakichukua, akakifungua, akakishika mwenyewe.

"Ni cha Kenta," Tumaini akanitafsiria. "Hana mtoto mwingine. Anasema miaka yote Kenta alipokuwa kwetu Ifakara, kila asubuhi alikuwa anakifungua na kumsalimia. Watu wakimwambia mwanao amepotelea Afrika, anawaambia atarudi tu, kitovu chake ninacho."

Nikaweka kikombe chini. Jamani, nilimsikia Bibi wa Mchombe anaongea Kijapani! Maneno yaleyale, hata ule mdomo wa kubinua. Nami nimekaa kwenye blanketi lake, nimekula machungwa yake, na cha mjukuu wake kimefungwa mafundo mawili chumbani kwangu.

Maua

Nilimpigia Bibi simu. Nikamweleza yote, taratibu, na heshima. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hukileti?" akauliza.

"Mama, na yule ni bibi yake. Na Emi kwao ndiko huko."

"Basi kaa hukohuko," akasema, simu ikakatika.

Niliumia, sitawaficha. Nimezeeka, lakini mama yangu akinikasirikia nakuwa mtoto wa kaptula. Hata hivyo nilishaamua. Mwezi wa mwisho wa kukaa kwangu, theluji ikiwa bado mabaka mabaka kivulini, miplamu ya bustanini ikachanua, myeupe na ya waridi, kwenye matawi makavu yasiyo na jani hata moja. Nilikuwa nimesikia kwamba maua makubwa, yale wanayoyaita sakura, yanakuja baadaye nikiwa nimeshaondoka, na Mama Kenta alikuwa anasikitika kila siku kama vile ni kosa lake. Nikamwambia haya yananitosha, yananukia kama asali.

Chini ya maua yale nikafungua pindo la kanga, nikatoa kisanduku, nikapiga magoti kwenye changarawe na goti langu hili bovu, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

Mama Kenta hakushika. Alinitazama, akamtazama Tumaini. Tumaini akamwambia maneno mafupi. Ndipo akakipokea, akainama, akabaki ameinama, mabega yanatikisika. Mimi siwezi kumwona mtu analia nikamwangalia tu. Nikainuka nikamkumbatia. Huko hawakumbatiani, alikauka kama mchi. Halafu akalegea, akanishika kwa nguvu hadi mwavuli ukaanguka.

Na hapo sasa ndipo pa dhahabu, mtulie. Kwa furaha akatupeleka mtaa wa nyumba za chai za zamani, nyumba za mbao zenye madirisha ya fito nyembamba. Mji huo wanafua dhahabu hadi inakuwa karatasi nyepesi, ukipumua inaruka. Wakanipa barafu tamu ya maziwa, juu yake wamebandika karatasi nzima ya dhahabu! Nikauliza inamenywa? Hapana, inaliwa. Nikaila. Haina ladha yoyote, ila ulimi unajisikia tajiri. Anayetaka kujua kama niliiona tena kesho yake, anifuate faragha.

Stesheni

Siku ya kuondoka wote walinisindikiza stesheni. Emi alikuwa ameshajifunza kucheka, na alinicheka usoni mwangu wakati mimi nalia. Treni za kule hazingoji machozi, nikawa naaga haraka haraka.

Mama Kenta akatoa kifurushi kidogo, kitambaa cha zambarau kimefungwa vizuri. Akafungua mbele yangu. Kisanduku. Akaninyooshea kwa mikono miwili.

Safari hii nilikuwa mjanja. Mimi tena nirudie kosa? Nikaweka mikono yangu nyuma, nikainama, nikatazama ndani kwa adabu, nikasema, "Kizuri sana, asante kwa kunionyesha." Nikarudi nyuma hatua moja, najisifu moyoni kwamba nimekuwa Mjapani.

Mama Kenta akanifuata hatua moja, mikono bado imenyooka. Nikatikisa kichwa. Akasogea tena. Akasema jambo. Kenta alikuwa amegeukia pembeni anajifuta macho.

"Mama," akaniambia, "anasema hiki si cha kutazama. Ni cha kwenda nacho."

Ndipo nikaona mbao zake. Zilikuwa za rangi ya asali.

Mchombe

Sikupita hata nyumbani kwangu Ifakara. Nilienda moja kwa moja Mchombe, begi mgongoni kwa bodaboda. Bibi alikuwa anaanika mpunga. Aliniona tangu mbali, akageuza mgongo.

"Shikamoo, mama."

Akasambaza mpunga kwa mguu.

Nikakaa chini kwenye jamvi, nikafungua kitambaa cha zambarau. Akageuka nusu. Kisha akaja, akachuchumaa, akachungulia.

"Mbona kimekauka hivi? Huyu mtoto mchanga gani?"

"Si cha Emi, mama. Ni cha Kenta."

"Kenta mkwe? Lile jitu zima?"

"Ndiyo. Mama yake amekutumia wewe. Alikitunza tangu siku ya kuzaliwa."

Bibi akakichukua kisanduku, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ile mbao. "Ana watoto wangapi, huyo mama?"

"Huyohuyo mmoja."

Kuku alikuja akaanza kudonoa mpunga, Bibi hakumfukuza, na nyinyi mnajua Bibi na kuku. Akainuka, akachukua jembe, mimi nikataka kumsaidia, akaniondoa kwa kiwiko. Akaenda nyuma penye migomba, akachimba yeye mwenyewe, kati ya changu na cha Tumaini. Akakizika, akashindilia udongo kwa kiganja, polepole, kama anayemlaza mtoto.

Akabaki amechutama pale. "Lete simu," akasema. "Mwambie huyo mama mwanawe amefika."

Nikapiga. Huko ilikuwa mchana. Nikaona uso wa Mama Kenta, nyuma yake maua meupe yamejaa hadi angani, na mafundi wanateremsha zile kamba. Sikuwa na Tumaini wa kutafsiri. Nikageuza simu, nikamwonyesha migomba, nikamwonyesha udongo mbichi, nikamwonyesha Bibi na mikono yake yenye matope.

Mama Kenta aliinama, akainama tena. Hakuwa na neno lingine la kwetu, akatoa lile moja alilonalo.

"Shikamoo!"

Bibi akaishika simu kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba."